Choo kigumu kilinitesa karibu mwaka mzima, nimetokaje hapo

Mi ni dereva wa lori njia ya Dar–Tunduma, zaidi ya kilomita 900, na kwa karibu mwaka mzima nilikuwa napata choo mara moja kwa wiki, wiki nzuri mara mbili, tena kwa kujikamua mpaka jasho linanitoka. Naandika wazi maana najua madereva wengi wanayo hii shida ila tukikaa tunaongelea mgongo tu.

Mwanzoni hata sikujua ni tumbo. Kichwa kizito, hamu ya kula hamna, kiungulia kila usiku, halafu mkojo unanibana kila saa na maji sijanywa. Kila kimoja nikakitafutia dawa yake, mpaka UTI nikapima, hamna kitu. Siku nimeona damu kwenye choo nikaogopa kweli, nikaenda hospitali.

Dokta akaanza na maswali, kaka unakula nini, maji unakunywa kiasi gani, ukibanwa njiani unafanyaje. Nikamwambia ukweli, maji nayakwepa ili nisisimame simame, nakula chipsi mayai, na ukibanwa ndani ya Mikumi pale kuna kama kilomita 50 za hifadhi, utashukia wapi, unabana mpaka haja inapotea yenyewe.

Kunipima akakuta bawasiri, imetokana na kujikamua. Akanieleza kumbe utumbo mpana kazi yake mojawapo ni kunyonya maji, sasa choo kikikaa siku 5 kinazidi kukauka, na mwili wenye kiu hauachi tone. Kikijazana kule chini kinakandamiza kibofu, ndo ule mkojo. Na zile dawa za kiungulia nilizokuwa natafuna kila usiku zilikuwa na aluminiamu, ambayo yenyewe inafunga choo, yaani natibu huku naharibu kule! Akaniuliza na mawazo, maana utumbo una mishipa yake ya fahamu inayowasiliana na ubongo muda wote. Nikakumbuka foleni ya mpakani Tunduma, siku 3 mmekaa, tajiri mwenye lori anapiga simu kila saa, na ni siku hizo hizo tumbo lilikuwa linagoma kabisa.

Alinipa dawa ya kulainisha ya siku chache, mengine nikafanya mwenyewe. Dumu la maji lita 3 likae kwenye kebini na liishe. Chipsi nikapunguza, nikahamia dona, maharage, mchicha, papai. Wiki ya kwanza niliongeza maharage kwa pupa nikajaa gesi mpaka nikataka kuacha, kwa hiyo ongeza taratibu, na bila maji, makapi ya vyakula hivyo yanakufunga zaidi.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni asubuhi. Chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao unaamka kusukuma, kwa hiyo nakunywa chai, natembea kidogo, naenda chooni hata kama sijabanwa sana, sikai zaidi ya dakika 10. Choo cha kukalia naweka miguu juu ya kindoo ili magoti yapande, cha kuchuchumaa ndo bora zaidi.

Ilichukua kama wiki 3. Kiungulia kikapungua, kichwa kikaacha, mkojo ukarudi kawaida, na hakuna hata kimoja nilichokinywea dawa yake tena. Ila ukiona damu, unakonda bila sababu au tumbo limevimba unatapika, nenda hospitali, usianze na papai. Utingo wangu nae sasa ana dumu lake, tukifika Makambako tunasimama nusu saa, tajiri nilishamwambia na amekubali.