Gitaa Lililonishinda Hadi Liliposhushwa Nyuzi

Nilinunua gitaa langu la kwanza mwaka 2019, kwa kijana mmoja wa Chumbageni aliyekuwa akihama mji, nami nilikuwa na umri wa miaka 34, umri ambao jamaa zangu kadhaa waliniambia kuwa vidole vimekwisha kukomaa na havifundishiki tena. Sikukubaliana nao. Nimekulia Ngamiani, hapa Tanga, ambako wazee husimulia habari za bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kama wanavyosimulia habari za ndugu zao, na ambako taarabu ya vikundi vya Black Star na Lucky Star ililipa gitaa nafasi kubwa. Nilitaka kupiga ridhimu, si solo, kwa kuwa tangu utotoni sikio langu lilikuwa likifuata lile gitaa la nyuma ambalo halijitangazi lakini likinyamaza wimbo wote hupwaya.

Wiki 6 za kwanza zilikuwa za maumivu matupu. Gitaa lilikuwa la nyuzi za chuma, na kila jioni baada ya nusu saa ncha za vidole vya mkono wa kushoto zilikuwa zimechorwa mifereji myekundu, kiasi cha kunifanya nishindwe kushika kikombe cha chai ya moto. Maumivu hayo niliyatarajia, kwa sababu kila mpigaji huyapitia mpaka ngozi ifanye sugu. Kilichonikatisha tamaa ni sauti. Kodi ya C, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, niliipanga kama inavyotakiwa: kidole cha pete kwenye uzi wa tano, nafasi ya tatu (nafasi ni zile sehemu za shingo zinazogawanywa na vipande vya chuma), cha kati kwenye uzi wa nne, nafasi ya pili, na cha shahada kwenye uzi wa pili, nafasi ya kwanza. Hata hivyo, nilipopitisha mkono, nyuzi mbili zilikuwa bubu na moja ikikwaruza. Nikazidi kukandamiza, mpaka kifundo cha mkono kikawa kinaniuma hata usiku, na nikaanza kuamini yale maneno ya jamaa zangu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani yetu, ambaye ujanani alipiga ridhimu katika bendi za dansi. Nilimwamkia, nikaketi barazani kwake, nikamweleza kuwa vidole vyangu havina nguvu. Akasema, "Mwanangu, nipe hilo gitaa kwanza, vidole vyako tutavitazama baadaye." Akaliinua hadi usawa wa jicho, akaichungulia shingo yake kwa urefu kama seremala anavyochungulia ubao. Kisha akatoa sarafu mfukoni na kuanza kuzipachika moja juu ya nyingine chini ya uzi mnene, pale katikati ya uzi, kwenye nafasi ya 12. Zikaingia sarafu 3 bila kuugusa uzi. Akaniambia kwamba pale palitakiwa pabaki milimita 2 au 3 tu, na kwamba hata yeye, kwa miaka yake yote, asingeweza kulipiga gitaa lile kwa raha.

Tulilegeza nyuzi, tukachomoa kile kipande chembamba kinachozibeba juu ya daraja, yaani kile kibao cha tumboni mwa gitaa nyuzi zinapofungwa, tukakisugua upande wa chini kwa msasa uliolazwa juu ya kioo ili kisipinde. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima, kwa sababu ukipunguza milimita 2 hapo, pale kwenye nafasi ya 12 uzi hushuka milimita 1 tu, nasi tulikuwa tukipunguza kidogo, tunarudisha, tunapima, tunachomoa tena. Tuliporudisha nyuzi mara ya mwisho, C ikalia yote. Nilikaa kimya kwa muda, kwa kuwa nilikumbuka zile wiki 6 ambazo nilikuwa nimevilaumu vidole visivyo na kosa.

Hapo ndipo mafunzo yenyewe yalipoanza. Mzee alinionyesha kubonyeza karibu kabisa na kile kipande cha chuma kilichokatiza shingo, badala ya katikati ya nafasi, na nguvu niliyohitaji ikapungua mno. Akanikataza kuhesabu ni kodi ngapi ninazozijua. Alitaka nihesabu ni mara ngapi kwa dakika ninaweza kutoka G kwenda C na kurudi bila kuukatiza mkono wa kulia. Siku ya kwanza nilifika 9. Baada ya mwezi nilifika 34, na ninaamini hesabu hiyo ilinisaidia kuliko jambo jingine lolote. F ilinichukua miezi 3 zaidi, kwa kuwa kidole cha shahada hulazimika kulala juu ya nyuzi zote 6.

Jambo jingine alilosisitiza ni chumvi. Upepo wetu wa baharini hula chuma upesi, kwa hiyo kila nimalizapo hufuta nyuzi moja moja kwa kitambaa kikavu, juu na chini.

Mwezi wa saba, barazani palepale, alichukua gitaa lake akaanza kupiga solo juu ya G, C na D zangu. Nilikosea mara mbili, naye hakusimama. Alipomaliza akaniambia, "Kesho uje mapema, tutaanza na A," kisha akanipa kile kitambaa nifute nyuzi.