Faini hulipwa, kuchelewa kunabaki: michezo midogo ya kuachisha tabia mtaani

Vyama vingi vya kusaidiana katika mitaa ya Nyalenda na Kondele, Kisumu, vina faini ya kuchelewa. Shilingi 50, kwingine 100. Imeandikwa kwenye katiba, mweka hazina anaikusanya bila huruma, na bado mkutano wa saa nane unaanza saa tisa. Wanachama si wakaidi. Ni kwamba kosa likishapata bei, mtu hulinunua. Anaweka noti mezani, anakaa, deni limekwisha na hana la kumwonea mtu haya.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2000, Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti wa vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Vituo 6 viliwatoza faini wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao. Wachelewaji wakaongezeka, na faini ilipoondolewa hawakupungua. Aibu ndogo iliyowahimiza wazazi ilikuwa imeuzwa, na haikurudi.

Mchezo haununuliki namna hiyo. Unakutaka mwili na sauti yako mbele ya watu, tena pale pale tabia inapotokea. Ndiyo maana katika vyama ningefuta faini ya kuchelewa kabisa na kuweka kitendawili mlangoni.

Unafanyika hivi. Saa nane kamili, hata kama wamefika watu watano tu, mwenyekiti anafunga mlango na waliopo wanachagua kitendawili kwa kunong'ona. Anayebisha baadaye anasikia kutoka ndani: "Kitendawili!" Anajibu "Tega!" akiwa amesimama nje. Anategewa, tuseme, "Kuku wangu ametagia mibani." Ana dakika moja. Akisema nanasi, anaingia na kuketi. Akishindwa anaombwa mji, na hapo wenyeji hujilia raha: "Tumekwenda Kakamega, tumeandaliwa ugali na kuku, tumeshiba, tukaulizwa mwenzetu yuko wapi, tukasema bado anatafuta viatu." Kisha anapewa jibu, anaingia, na kuosha vikombe vya chai ya siku hiyo kunakuwa kwake.

Angalia ni nani anayefaidi. Wengi wakiiga wazo hili humwambia aliyechelewa ndiye atege. Mcheshi wa kikundi akishajua kwamba kuchelewa kunampa jukwaa, atachelewa kila mara, na wengine watamfuata. Utamu wote lazima ubaki kwa waliowahi: wao ndio wenye vitendawili na wao ndio wanaotembea mijini. Mchelewaji anausikia utamu huo akiwa nje ya mlango.

Kuna mambo manne ya kukubaliana kabla ya kuanza. Aliyetoka msibani, hospitalini au kwa mtoto mgonjwa anafunguliwa kwa pole na kiti, bila kuhojiwa. Mzee, au mtu aliye na mkwe wake ndani ya chumba, hasimamishwi nje achekwe. Anateua msemaji wa kumjibia. Kwa Wajaluo na Waluhya wengi, mzaha mbele ya mkwe ni utovu wa adabu, na mchezo unaomvunjia mtu heshima utamfukuza yeye badala ya kuifukuza tabia. Lugha iwe huru: kitendawili cha Kijaluo au cha Kiluhya kinafaa mradi aliye nje anaijua lugha hiyo. La nne ni daftari. Katibu aandike kila kitendawili kilichotumika, maana kikirudiwa mara mbili mchezo umekufa.

Chama kinachokutana mara moja kwa mwezi kisitarajie miujiza. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake jijini London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba tabia mpya ya kila siku ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, na kati ya mtu na mtu kadirio lilitoka siku 18 hadi 254. Mikutano 12 kwa mwaka haifikii hapo. Kwa chama cha kila wiki mchezo huu unafaa sana; kwa cha kila mwezi, chagua tabia nyingine inayojirudia mara nyingi zaidi.

Na mtaani hakuna inayojirudia kama kutupa chupa ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa za soda na maji zimebaki. Huku Kisumu zinaziba mitaro ya Manyatta na Nyalenda, na mvua za Machi hadi Mei zikifika, maji hupanda mpaka vizingitini. Zisizoziba husombwa hadi mto Auji na kuishia kwenye kinamasi cha Dunga. Bango la "Usitupe taka hapa" halisaidii kitu, kwa sababu mwenye chupa tupu mkononi haambiwi afanye nini nayo.

Mpe kura. Wazo hili shirika la Hubbub lilitumia London mwaka 2015 kwa vipande vya sigara: mvutaji aliamua kwa kipande chake kama mchezaji bora ni Ronaldo au Messi. Kwa chupa, mwambie seremala atengeneze kasha la mbao lenye kimo cha mita 1.2, upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 30, lililogawanywa katikati kwa ubao. Mbele liwe na wavu wa plastiki ili kura zionekane zikipanda. Kasha lililofunikwa ni pipa tu, na pipa halimshawishi mtu. Kila upande uwe na tundu la duara la sentimita 12. Chupa ya lita moja na nusu inapita hapo, lakini mfuko wa maganda ya viazi na majivu ya jikoni haupiti. Tundu likiwa pana, siku ya tatu una jalala. Chini acha nafasi za kutoa maji ya mvua, mbu wasizaliane, na nyuma weka mlango wa kufuli. Usitumie wavu wa chuma, utauzwa chakavu kabla ya wiki kwisha.

Lisimamishe chupa inapomalizikia: hatua chache kutoka kibanda cha soda, kando ya steji ya bodaboda, kabla ya mtaro. Kosa la kawaida ni kuliweka palipo na uchafu mwingi. Pale ni mwisho wa safari ya taka, na wewe unataka mwanzo wake.

Swali ndilo roho ya kasha. Ukiuliza timu ya soka, Gor Mahia au Ingwe (AFC Leopards), hapa Kisumu hujauliza kitu. Upande mmoja utajaa na mwingine ubaki mtupu, na Kakamega itakuwa hivyo hivyo kwa kinyume. Tafuta jambo linaloigawa nyumba moja: omena (dagaa) au ngege (sato)? Chai ya maziwa au ya rangi? Andika kwa herufi kubwa na uchore picha, maana watoto ndio wapiga kura wenye bidii kuliko wote. Badilisha swali kila wiki. Siasa iwe mbali kabisa, hata rangi za vyama vya siasa zisionekane kwenye kasha, la sivyo litachomwa.

Ijumaa saa kumi na moja jioni, steji ikiwa imejaa, kasha linafunguliwa na chupa zinahesabiwa kwa sauti. Kila upande uwe na nahodha, kwa mfano mama mboga wa omena na mwendesha boda wa ngege. Nahodha aliyeshindwa na wafuasi wake wanazoa mita 10 za mtaro papo hapo, huku washindi wakiwaimbia. Hapa ndipo kasha linapogeuka kuwa jambo la mtaa, kwa sababu mtu aliyezoa mtaro Ijumaa atamfokea anayeuchafua Jumamosi, naye atafoka bila kutumwa na chifu wala mzee wa nyumba kumi.

Ufunguo wapewe vijana wanaookota chupa na kuziuza kwa kilo. Wasiposhirikishwa tangu mwanzo wataukata wavu wachukue mali, na hawatakuwa na hatia. Umechukua riziki yao na kuifungia. Wakiwa na ufunguo, wao ndio wahesabuji, walinzi na wanaoliondoa lisifurike.

Zawadi ikiwepo, itolewe kwa kulinda kifaa. Kuihusisha na wingi wa chupa kunawafanya watu wabebe chupa kutoka majalalani. Funzo hili limetoka kwenye matatu zetu wenyewe. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walipobandika stika za kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo, waliandaa bahati nasibu ya kila wiki, na dereva alishinda pale tu stika zake zilipokutwa bado zimebandikwa. Kazi ya kukemea waliwaachia abiria bila malipo. Madai ya bima yalishuka kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Kampeni ya Zusha! iliyoenea baadaye ilizaliwa hapo. Kwa kasha, kibanda ambacho kufuli na wavu wa kasha lake ni vizima mwisho wa mwezi kiingie kwenye droo ya kilo mbili za sukari.

Barabarani, Antanas Mockus, meya wa Bogotá, Kolombia, kuanzia mwaka 1995, aliwatumia wasanii wanaoigiza bila kusema kuwacheka madereva waliosimama juu ya kivuko cha waenda kwa miguu, akagawa kadi 350,000 za dole gumba, za kusifu na za kulaumu. Hapa kadi zinawezekana kwenye kivuko cha shule, zikishikwa na watu wazima waliosimama nje ya barabara. Wiki mbili za kwanza toa sifa tupu: dereva aliyesimama aonyeshwe dole la juu na watu kumi kwa pamoja. Ukianza na lawama utaambulia honi na matusi.

Kuhusu lini kuacha: kasha liondolewe likiwa bado linapendwa, baada ya miezi mitatu hivi, na lihamishiwe steji ya pili. Pale lilipotoka acha pipa la kawaida lenye tundu lile lile la sentimita 12, na vijana wale wale wakiwa na ufunguo. Mtaro ukianza kujaa tena, lirudishe na swali jipya.