Pilipili Hoho Si ya Kunukisha Mchuzi Tu

Nyumbani kwetu Bombo, hapa Uganda, pilipili hoho iliingia jikoni kwa kazi moja, nayo ni kunukisha mchuzi. Ilikatwa vipande vichache, ikatupwa sufuriani pamoja na vitunguu na nyanya, kisha ikaachwa ichemke mpaka ganda lake lijikunje na kujitenga na nyama yake. Nimepika hivyo kwa miaka mingi bila kuona kosa, kwa kuwa harufu niliyoitaka niliipata. Nilichokuwa nikikipoteza hakinuki.

Nacho ni vitamini C. Gramu 100 za hoho mbichi ya kijani zina takriban miligramu 80 za vitamini hiyo, ilhali chungwa la uzito huohuo lina kama miligramu 53, na hoho iliyoachwa shambani mpaka ikawa nyekundu hupita miligramu 120. Kwa kuwa mwanamke mzima huhitaji kiasi cha miligramu 75 kwa siku na mwanamume miligramu 90, nusu ya hoho kubwa nyekundu, ikiliwa mbichi, humtosha yeyote kati yao. Mwili wetu hauwezi kujitengenezea vitamini hii. Nayo huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto, hivyo kadiri mchuzi unavyochemka ndivyo inavyozidi kupungua. Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937, alipohitaji vitamini C kwa wingi aliipata katika pilipili nyekundu za huko Szeged, ambazo ni ndugu wa karibu wa hoho hizi.

Sokoni, wauzaji wetu wengi huiita kwa jina la Kiingereza lenye maana ya pilipili ya kijani, na nadhani jina hilo limetuponza, kwa sababu mnunuzi akiiona nyekundu huiogopa akidhani imekuwa kali. Ukweli ni kwamba ile ya kijani kwa kawaida ni changa tu, na nyekundu ndiyo iliyokomaa ikaongeza utamu. Hoho haina kapsaisini, kemikali inayozifanya pilipili nyingine ziwashe, iwe ya rangi gani. Nyekundu ina pia betakarotini nyingi zaidi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayohitajika kwa macho na kinga. Hiyo hufyonzwa vizuri ikiandamana na mafuta kidogo, kwa hiyo sisemi hoho isiguswe na moto kabisa. Muuzaji wa rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga, anayeichanganya na mayai hayo na kuigeuza kwa dakika chache ameifanyia haki kuliko mimi na sufuria yangu.

Faida ninayoithamini kuliko zote, hata hivyo, inahusu maharage na dodo, yaani mchicha. Madini ya chuma yaliyomo katika vyakula vya mimea hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C ikiliwa katika mlo uleule huurahisisha ufyonzaji huo. Chai na kahawa, kinyume chake, huuzuia. Katika nchi ambako posho, yaani ugali, na maharage ni chakula cha kila siku, na ambako upungufu wa damu huwasumbua sana wajawazito na watoto, jambo hili lina uzito. Zile habari zinazosambazwa katika simu kwamba hoho huponya saratani au kisukari sizikubali. Ni mboga, tena ya maji zaidi ya asilimia 90 na nishati kidogo, na anayetumia dawa aendelee na dawa zake.

Siku hizi huiosha vizuri, hasa kwenye kishimo cha kikonyo ambako vumbi na mabaki ya dawa ya shambani hujificha, kisha huikata nyembamba. Nusu huenda kwenye kachumbari. Nusu nyingine husubiri kando mpaka maharage yaive na sufuria iteremshwe, ndipo naitia na kufunika, na chai husubiri mpaka muda upite baada ya mlo.