Nyigu, Nyenje na Nusu ya Kisa Iliyoachwa

Kuna kisa cha nyigu ambacho kwa miaka mingi kimetumika kuonyesha kwamba wadudu ni mashine tu. Leo kimenikaa kichwani kutwa nzima.

Mfaransa Jean-Henri Fabre, mtafiti wa wadudu wa karne ya 19, alimchunguza nyigu mmoja anayechimba mashimo. Nyigu huyo humdunga nyenje hadi apooze, humburuta mpaka mdomoni mwa shimo, humwacha hapo aingie kukagua, kisha hutoka na kumvuta ndani kwa kumshika vipapasio. Nyigu alipokuwa ndani, Fabre alimsogeza nyenje pembeni kidogo. Nyigu akatoka, akamrudisha mdomoni mwa shimo, akaingia kukagua upya. Akasogezewa tena. Mara 40, na kila mara ukaguzi ukaanza kana kwamba haujawahi kufanyika.

Wasimuliaji wengi huishia hapo. Fabre hakuishia hapo. Baadaye alijaribu kwa nyigu wa aina hiyohiyo wa kundi jingine, na hao, baada ya kuchezewa mara mbili tatu, waliacha kukagua, wakamvuta nyenje moja kwa moja hadi ndani. Inaniuma kwamba nusu hii ya kisa imeachwa, maana ile ya kwanza imehukumu viumbe wengi mno.

Na hata wale wakaidi wa kwanza, sioni wamethibitisha nini. Ukigusa sufuria ya moto, mkono unajiondoa kabla hujawaza lolote. Uti wa mgongo umemaliza kazi kwa kanuni yake. Maumivu yapo palepale. Kama kwetu kanuni na hisia vinakaa mwili mmoja, kwa nini kwa mdudu kimoja kifukuze kingine?

Hisia za mwingine hazionekani, najua (hata zako, msomaji, nazikubali tu). Ila mwaka 2022 kikundi cha Lars Chittka, Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, kilichapisha jaribio ambalo limenivuta upande mmoja. Bambi, wale nyuki wanene wenye manyoya, waliwekewa vimpira vya mbao kandokando ya njia ya kwenda kwenye chakula. Njia yenyewe ilikuwa wazi. Wakaiacha, wakavikumbatia vimpira kwa miguu, wakavibingirisha, wakarudi tena na tena, bila kupewa hata tone la maji ya sukari kwa kazi hiyo. Wachanga walibingirisha zaidi kuliko wenye umri. Naamini waliona raha, na nitaendelea kuamini hivyo mpaka mtu anionyeshe ni kanuni gani iliyowaita pale.