Mguu wa bandia haununuliwi mara moja

Fidia hulipwa mara moja. Mguu wa bandia hununuliwa mara kumi. Aliyekatwa mguu kwa ajali ya gari au ya mashine asipolishika hilo tangu mwanzo, atapokea fedha za mguu wa kwanza tu, na miaka minne baadaye atabaki na mguu uliochakaa huku kesi yake imeshafungwa.

Hebu tuhesabu. Majeruhi ana miaka 30 na anatarajiwa kuishi mpaka 70. Mguu wa bandia unaovaliwa kila siku hudumu miaka 3 hadi 5, tuchukue 4. Hiyo ni miguu 10. Na mguu wenyewe ni vipande vingi: soketi, yaani kikombe kinachobana kigutu, sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa; laina, ile soksi nene ya silikoni inayovaliwa ndani ya soketi; bomba; goti, kwa aliyekatwa juu ya goti; na wayo. Kila kipande kina umri wake. Laina huchanika mapema kuliko vyote. Mwenye mguu anahitaji mbili, moja ivaliwe na nyingine ioshwe ikauke, na kwa kawaida hazivuki mwaka mmoja. Mbili kwa mwaka kwa miaka 40 ni laina 80. Wakili anayeandika kwenye hati ya madai mstari mmoja tu, "gharama za mguu wa bandia", anampunja mteja wake hata kama nia yake ni njema.

Kwa mtoto hesabu hupanda zaidi. Anakua, kwa hiyo mguu humpungukia kila mwaka au karibu na hapo. Tena mfupa wa kigutu cha mtoto unaweza kuendelea kurefuka mpaka ukasukuma ngozi, ikabidi arudi tena kwenye upasuaji. Upasuaji huo nao uingie kwenye madai.

Kigutu hakitulii haraka. Miezi ya mwanzo huwa kimevimba, kisha hupungua taratibu, na mara nyingi huchukua mwaka au mwaka na nusu kabla ya kushika umbo lake. Hapo katikati mwenye mguu hujazia nafasi kwa soksi za kigutu. Asubuhi soketi inamkaa vizuri. Ikifika alasiri kigutu kimenywea, mguu unazama, na ncha ya mfupa inagonga chini ya soketi. Anavua, anaongeza soksi moja, anavaa tena. Unene wa soksi hizo huhesabiwa kwa nyuzi; zote pamoja zikifika nyuzi 10 hadi 15, soketi hiyo haifai tena, itengenezwe mpya. Ndiyo maana mwaka wa kwanza peke yake unaweza kula soketi mbili au zaidi.

Kampuni ya bima inalijua hilo. Mara nyingi ofa ya kwanza huja mapema, majeruhi akiwa bado na bandeji na madeni ya hospitali, na karatasi anayoletewa ina maneno kama "malipo kamili na ya mwisho". Ukisaini, umefunga mlango. Jeraha likioza baadaye, kigutu kikakatwa tena kutoka chini ya goti kwenda juu yake, huwezi kudai kitu tena. Na goti ni mali kubwa: aliyebaki na goti lake hutembea kwa nguvu ndogo zaidi kuliko aliyelipoteza, na mguu wake wa bandia huwa rahisi zaidi kutengeneza. Nashauri mtu asikubali malipo ya mwisho kabla kigutu hakijatulia na hajatembea na mguu wa kudumu kwa miezi kadhaa. Kama njaa inabana, wakili aombe malipo ya awali yatakayokatwa kwenye fidia ya mwisho. Baadhi ya nchi sheria inaruhusu.

Lakini kusubiri kupatana si kusubiri kufungua kesi. Kila nchi ina ukomo wa muda wa kudai, na madai dhidi ya serikali au taasisi ya umma mara nyingi hutanguliwa na notisi yenye muda mfupi zaidi. Muulize wakili tarehe hiyo siku ya kwanza, uiandike. Mazungumzo mazuri na bima hayasimamishi saa; wapo wanaozungushwa kwa simu za upole mpaka muda unakwisha.

Ushahidi nao una haraka yake. Mashine iliyomkata mtu inaweza kufungwa kinga mpya usiku uleule, na kesho yake kila mtu akasema kinga ilikuwapo siku zote. Ndugu au mfanyakazi mwenzake apige picha siku hiyo: mashine nzima, mahali kinga inapotakiwa kukaa, swichi ya dharura, namba ya mashine, na sakafu. Aweke rula au sarafu kando ya kitu ili ukubwa uonekane. Picha za kamera za ulinzi hufutwa na nyingine baada ya siku au wiki chache, kwa hiyo barua ya kutaka zihifadhiwe ipelekwe mara moja, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Nguo na viatu vya siku ya ajali visifuliwe wala kutupwa.

Ripoti ya daktari ndiyo moyo wa kesi, na hapa ndipo nimeona uzembe mwingi. "Amekatwa mguu wa kulia, anaendelea vizuri" haitoshi, na inaumiza. Daktari akiandika "anaendelea vizuri" ana maana kidonda kinapona. Wakili wa upande wa pili ataisoma kwamba mtu huyu hana shida. Ripoti iseme kigutu kina urefu wa sentimita ngapi, ngozi yake ikoje na kama ilipandikizwa, kiungo cha juu yake kinakunjika kwa digrii ngapi, kama kuna uvimbe wa neva unaouma ukiguswa, na upasuaji upi unaweza kuhitajika. Aliyepoteza mkono, iandikwe kama ndio aliokuwa akitumia kuandikia. Kisha fundi wa viungo bandia aandike ripoti yake peke yake: vipande, bei ya kila kimoja, na kila baada ya muda gani kibadilishwe. Hesabu ya miguu 10 inasimama juu ya karatasi hiyo.

Maumivu ya kiungo kisichokuwepo hukumba wengi waliokatwa. Vidole visivyokuwepo vinawaka moto, au wayo usiokuwepo unahisi umepinda. Si jambo la kubuni: daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliyewatibu majeruhi wa vita, aliliandikia tangu 1871. Lakini yasipoandikwa kwenye faili la hospitali, mahakamani ni kama hayapo. Mwambie daktari kila unapohudhuria, na uweke daftari: tarehe, saa, dawa uliyomeza, usiku ulikosa usingizi mara ngapi.

Kwa kipato kilichopotea, mahakama nyingi huchukua kipato cha mwaka na kukizidisha kwa idadi ya miaka iliyo pungufu ya ile aliyobakiza kufanya kazi, kwa sababu fedha zinalipwa leo zote. Mwenye biashara ndogo asiye na hati ya mshahara hupunjwa hapa. Miamala ya simu, daftari la mauzo, risiti za jumla na stakabadhi za kodi vyote vikusanywe. Jihadhari pia na uzembe wa pamoja: ukionekana umechangia ajali kwa asilimia 20, fidia inaweza kukatwa asilimia 20. Usiseme "nilikosea" kitandani ukiwa umelewa dawa za maumivu.

Aliyeumia kazini aulize kama fidia ya wafanyakazi inamzuia kumshtaki mwajiri. Mara nyingi inamzuia, ila haimzuii kumdai mwenye kiwanda kilichotengeneza mashine mbovu.

Siku ya kupimwa na daktari wa upande wa pili, vaa mguu unaovaa kila siku, beba soksi zako zote, na umwonyeshe unavyovua na kuongeza. Akikuuliza unatembea mpaka wapi, usijibu kwa siku yako nzuri kuliko zote. Taja umbali wa siku ya kawaida, kisha umweleze kesho yake kigutu kinakuwaje.