Friji ikikutekenya ujue nyumba haina ethi

Kwenye nyumba za zamani huku Tanga, hasa hizi zetu za Ngamiani, kuna kitu watu wamekizoea mpaka kimekuwa kawaida kabisa, unavaa ndala kwanza ndo unafungua friji. Mgeni akija anaambiwa "vaa ndala mwanangu, hiyo friji inatekenya". Inatekenya! Yaani umeme umevuja huko ndani umekaa kwenye bati la friji unatafuta pa kushukia ardhini, na kwa kuwa ethi (waya wa kuushusha ardhini) haipo, pa kushukia ni wewe. Siku sakafu ina maji na mtoto kaenda peku, huyo hatekenywi, huyo anakamatwa.

Nyumba hizi zilipofungwa waringi matumizi yalikuwa taa, redio na pasi, basi. Chumba kina soketi moja, kwingine bado zipo zile za matundu ya duara. Leo chumba hichohicho kina friji, tivii, feni, jagi la umeme na chaja za simu za ukoo mzima, vyote vimening'inia kwenye ekstensheni moja. Piga hesabu, umeme wetu ni volti 230, jagi la wati 2200 linakula ampia 9 na nusu, weka na pasi ya wati 1200 ampia 5 na kitu, tayari umezipita 13 za plagi, alafu waya wa ekstensheni za bei chee mara nyingi ni wa milimita za mraba 0.75 ambao saizi yake ni ampia 6. Ikiwa imeviringishwa nyuma ya kabati ndo kabisa, joto halina pa kutokea. Shika plagi wakati jagi linachemsha, ikiwa ya moto chomoa.

Ila mimi kinachoniudhi zaidi ni ethi. Fungua soketi za nyumba hizi (zima meni swichi kwanza jamani) utakuta waya wa kijani umekatwa, au umekunjwa nyuma haujafungwa popote, mana fundi aliona taa inawaka na soketi inafanya kazi, akachukua hela yake akaenda. Na sisi tunamsaidia, plagi ya miguu miwili ikigoma tunachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili ifunguke iingie. Lile tundu la juu ndo la ethi lenyewe! Zunguka na nyuma ya nyumba uangalie ile rodi ya ethi iliyochimbiwa chini, kwa chumvi hii ya bahari kibanio chake kinaliwa na kutu, kwetu nilikigusa kwa kidole tu kikadondoka chenyewe, waya ukabaki unaning'inia ukutani kama pambo.

Sasa mtu atakwambia mimi nina sakiti breka mpya sina wasiwasi. Breka inalinda waya usiungue, haikulindi wewe. Inayokuua ni miliampia, yaani sehemu za elfu za ampia, breka ya ampia 32 hiyo haiioni kabisa. Na hata ethi ikiwepo, rodi yenye ukinzani wa omu 20 inapitisha ampia 11 na nusu tu, breka imelala na bati la friji bado lina umeme. Kwa hiyo inatakiwa RCD, wengine wanaiita ELCB, ya miliampia 30, yenyewe inalinganisha umeme unaoenda na unaorudi, ukipungua kidogo inakata hapohapo. Ina kitufe cha T, kibonyeze mara mojamoja, isipokata imekufa hiyo. Na lile boksi la kulinda friji watu wanalolitegemea linalinda friji na volti za kupanda na kushuka, mtu halimhusu.

Wenye fyuzi za zamani za kauri ndo sitaki hata kuanza, ikikatika mtu ananyofoa nyuzi za shaba kwenye waya wowote anazisokota nene "isisumbue tena". Haitasumbua kweli, siku nyingine zitaungua waya za darini badala yake.

Fundi tafuta mwenye leseni ya EWURA (wadhibiti wa nishati na maji), na mwambie apime ethi kwa mashine, asikuchomekee testa akakwambia iko poa, testa inaonyesha tu kama umeme upo.

Shida kubwa nyumba zenyewe ni za urithi, kila mtu ana chumba chake na kila mtu kavuta waya wake kutoka meni swichi hiyohiyo, ila kuchangia waringi mpya hayupo. Kwetu hela ilishachangwa ya kuweka marumaru barazani, mimi nikasema ianze kwenye rodi, RCD na soketi za jikoni, marumaru yatasubiri. Mjomba kanuna mpaka leo, ila fundi anaanza Jumamosi.