Bloku ya kinena ilivyosaidia mama na nyonga iliyovunjika

Kama uko na mzee amevunjika nyonga na mnangoja thieta, ulizia bloku mapema, yaani sindano ya ganzi ya kinenani inayozima uchungu wa nyonga, msingoje mpaka mchoke na kilio.

Mama alianguka Ahero, mfupa wa paja ukakatika pale juu kwa shingo, tukamleta Kisumu na kila tuta ni nduru. Wodini akapewa mofini, ile dawa kali ya uchungu. Akitulia ni sawa, lakini ukimgeuza tu kubadilisha shuka anapasua roho yako, na hiyo dawa ikamchanganya kichwa akaanza kuniita jina la dadake marehemu. Wazee wengi mofini huwafanyia hivyo, na choo nacho kinafunga.

Nikamuuliza nesi kama hakuna njia ingine, akaita dada wa ganzi. Akaja na altrasaundi, akatafuta pale kinenani mpaka mshipa wa damu ukaonekana ukidunda na neva kando yake. Neva yenyewe haidungwi, dawa inawekwa chini ya utando unaofunika msuli wa nyonga halafu inasambaa hadi neva ya mbele ya paja na ile ya upande wa nje. Alitumia dawa ya ganzi inaitwa bupivakeini, na si kidogo, kama mililita 30, kwa hivyo anasukuma polepole huku akiuliza, "Mama, masikio yanalia? Mdomo umekufa ganzi?" juu ikiingia kwa damu inaweza sumbua moyo.

Nusu saa hivi mama akaitisha chai! Uchungu haukuisha wote, kiungo cha nyonga kiko na neva zingine ambazo hii bloku haishiki vizuri, lakini sasa angegeuzwa. Siku ya thieta wakarudia ndio aweze kuketi adungwe ile ganzi ya mgongo, na hapo ndio niliona kazi yake, juu kukalisha mtu na nyonga imevunjika bila kitu ni mateso tu.

Sasa shida ni ikiisha. Inaweza enda masaa nane, kumi na mbili hata zaidi, halafu uchungu unarudi kwa kishindo, mara nyingi usiku. Nilikuwa nimeongea na nesi wa zamu ampe parasetamo kwa saa yake hata kama mama anasema hasikii kitu.

Mguu pia unalegea. Watu wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo, walipokuja kumsimamisha walimwambia kwanza anyooshe goti, likakataa, wakasema watarudi jioni. Mama akanuna, ati yeye yuko tayari.